Jicho la Mfeddal

Siri ya Mzee Mfeddal ilitobolewa na mbuzi wake mwenyewe. Walisema nini? Hawakusema kitu, mbuzi shughuli yao ni kula. Lakini Jumatatu ile asubuhi binti yake Rhimou alipowatupia mzigo wa mibangi iliyong'olewa shambani, akainama kuifungua kamba, mkono wake ulishika ncha ya mmea ikamnata vidoleni. Akaigeuza aitazame. Pale jani linapokutana na bua zilikuwa zimechomoza nywele mbili nyeupe, laini. Akachukua bua jingine, nywele mbili. Akapiga magoti palepale kwenye mavi ya mbuzi, akaupekua mzigo bua kwa bua huku akiwasukuma wanyama kwa kiwiko.

Yalikuwa majike. Si yote, lakini mengi mno. Baba yake alikuwa ameng'oa majike na kuyaacha madume yamesimama shambani.

Kwa asiyelima bangi hili laweza kuonekana jambo dogo. Wewe unayejua mipapai utanielewa upesi: kuna mpapai dume na mpapai jike, na ukipanda mbegu hujui umepanda nini mpaka maua yatoke. Bangi nayo ni vivyo hivyo, ila kwetu huku milima ya Rif dume ndilo adui. Likifungua vijipira vyake na kumwaga unga, jike hushika mbegu badala ya kunenepesha ua, na ushirika unaonunua mazao yetu hautaki ua lenye mbegu, bwana shamba wao ndiyo kabisa. Tunapanda mwezi wa tatu mvua zikiwa bado zinanyesha, tunapunguzia mwezi wa nne, tunapalilia wa tano. Ukikosea miezi hiyo, unatengeneza. Mwezi wa sita ni wa kung'oa madume, alfajiri, umande ungalipo, kwa sababu jua likikaza ukiligusa dume tu unga unaruka. Ukikosea mwezi wa sita umekosea mwaka mzima.

Tena Mfeddal hakosei peke yake. Mashamba yetu ni ya ngazi, na lake liko juu kabisa chini ya mierezi, matuta manne yaliyoshikiliwa na kuta za mawe. Unga ukipeperuka kwake, upepo wa sharki unawashushia wote walio chini, nyumba tisa, watu waliolima bangi tangu babu zao huku wakichungulia barabara, na mwaka huu ndio kwanza wamepata kibali cha serikali cha kulima mchana kweupe.

Na sasa sikia la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Huyo Mfeddal ndiye aliyekuwa jicho la bonde zima. Watu walikuwa hawagusi madume yao mpaka yeye apite. Anaingia shambani mwa mtu, anatembea taratibu, anainama hapa, anang'oa, anaruka kumi, anang'oa, akimaliza hakuna dume hata la dawa. Wakibishana watu juu ya jambo lolote, hata liwe la mpira, mmoja atasema, "Kwani wewe una jicho la Mfeddal?" Ubishi unaisha.

Rhimou aliwaacha mbuzi wamalize. Alitaka ushahidi uliwe upesi, kisha akakumbuka kwamba hakuna haja ya kuharakisha, wa kuuona hakuwepo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Alipoingia ndani, baba yake alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya bakuli la bisara, supu nzito ya maharage, mafuta ya zeituni yanaelea juu, mkate mkononi.

"Mbuzi wamefurahi?" mzee akauliza.

"Wamefurahi, baba. Hawajawahi kula vizuri hivi."

"Madume ya mwaka huu marefu. Mvua ilikuwa njema."

Rhimou akamimina chai ya nanaa, akaiweka glasi upande ambao haikuzoea kukaa. Mkono wa mzee ukaenda mahali pa kila siku, ukakuta mkeka mtupu, ukatambaa pole pole, vidole vimetangulia, mpaka ukaigusa. Akanywa kama kwamba hakuna lililotokea. Na Rhimou akakumbuka mambo mengine yote aliyoyaona tangu arudi na asiyaone: mzee akienda msikitini lazima amshike nyumbu shingo, eti nyumbu anataka kampani. Barua ya ushirika alisema isomwe na yeye Rhimou kwa sababu mwandiko wa siku hizi hauna adabu. Ilikuwa imechapwa kwa mashine.

Rhimou alikuwa amerudi Januari kumzika mama yake, Tamou, akabaki. Kabla ya hapo alikaa Tangier miaka minane kwenye kiwanda cha kumenya kamba, wale wa baharini. Kaka zake wawili wako Uhispania, wao ni watu wa simu ya Ijumaa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja kati yao alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu duniani cha kumfanya aamke alfajiri. Mke kaenda, nguvu zinakwenda, wana wako ng'ambo. Jicho ndilo lililobaki, nalo halikuwepo.

Sfia alikuja kabla ya adhuhuri, akasimama upande wa pili wa ukuta. Huyu ndiye mwenyekiti wa ushirika, mwanamke wa miaka hamsini hivi, shamba lake linafuata chini ya la Mfeddal, na mdomo wake unafuata popote.

"Rhimou, mzima wewe? Mbona macho mekundu?"

"Vitunguu."

"Vitunguu vya saa nne asubuhi. Haya. Ami Mfeddal kamaliza?"

"Kamaliza tuta la kwanza."

"Moja tu? Mwaka jana siku kama ya leo alikuwa keshamaliza kwake, yuko kwangu ananidai chai. Anaumwa?"

"Mgongo."

"Mgongo si jicho. Mwambie namtaka Alhamisi, nitamchomea mkate. Jumapili bwana shamba anakuja kukagua mashamba yote, na yule bwana hacheki hata ukimtekenya. Akikuta madume huku juu, si shamba moja litakalokataliwa, ni yetu sote, ndivyo kibali kilivyoandikwa. Mimi kwangu sigusi kitu mpaka baba yako apite. Huyu mume wangu Laayachi anajidai anajua, mwaka jana alining'olea majike mawili mazuri, nimeyakuta kwa mbuzi, na mpaka leo anaapa si yeye."

"Watu hukosea," Rhimou akasema.

"Laayachi hukosea. Baba yako hajawahi."

Ulimi ulimwasha Rhimou. Angeweza kusema palepale, Sfia, baba haoni, na mzigo ungemtoka. Lakini alimjua Sfia: kabla ya magharibi nyumba tisa zingekuwa zimesikia, na kesho yake watu wangeanza kumsalimia mzee kwa ile sauti ya kumwendea mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kweli, ila hawakusema kuna maradhi ukiyatangaza ndiyo yanayommaliza mtu. Akasema mzee atakuja Alhamisi.

Usiku ule usingizi ulimpa taabu. Akafikiri ang'oe madume yeye mwenyewe kabla baba hajaamka. Kuyajua anayajua, amezaliwa humo. Lakini kisha mzee angeshuka shambani na kung'oa vilivyobaki, na vilivyobaki ni majike. Kumzuia kushuka nako ni kumwambia. Akaligeuza jambo hilo huku na huku, kila upande lina mwiba.

Jumanne alfajiri akamfuata na kamba ya kufungia mzigo, akabaki nyuma hatua chache, akatazama. Mfeddal aliingia tuta la pili. Mkono wake ulishika mmea wa kwanza, lakini haukwenda juu kwenye maua. Ulishuka. Ukateremka kwenye bua mpaka usawa wa goti, ukapapasa pale, ukazunguka bua pande zote kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Akaacha, akashika wa pili. Usawa wa goti, papasa, acha. Wa tatu vile vile. Kisha akasimama akainamisha kichwa, kama anayesikiliza. Alingoja kitambo. Halafu akapima urefu wa mmea uliokuwa mbele yake kwa kiganja, akaona ni mrefu, akaung'oa.

Madume huwa marefu kidogo, ni kweli. Lakini mvua ilikuwa njema, na majike nayo yalikuwa yamerefuka.

Usawa wa goti pana nini? Rhimou alijiuliza huku akiokota. Ndipo lilipomjia. Mwezi wa pili, alipokuwa akipanga vitu vya marehemu mama yake, alikuta kikapu kimejaa vipande vya nyuzi za sufu nyekundu, mamia, vyote vya urefu mmoja, urefu wa kidole cha kati. Alidhani ni mabaki ya kufuma. Alishangaa tu kwamba vilikuwa na madoa ya kijani yaliyonata na vilinuka bangi kama mfuko wa mvutaji. Wiki tatu nzima alikuwa akifungia nyanya kwa nyuzi hizo.

Alisimama katikati ya shamba, mkono mdomoni. Mama. Kumbe ni mama.

"Baba," akaita, "umande umekauka. Turudi, tutamalizia kesho."

"Mbona mapema?"

"Jua limetoka."

Mzee akainua uso, akaupa mashariki. Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima. "Haya," akasema, na hakubisha. Rhimou alikumbuka baadaye kwamba hakubisha.

Alasiri upepo ulipotulia na mzee amelala, akateremka na kikapu. Alianzia tuta la kwanza, lile lililoharibiwa, akapita mmea kwa mmea, pumzi ameibana ili asiwatikise wale mabwana. Akikuta vijipira vinavyoning'inia, anapiga goti, anazungusha uzi kwenye bua, anafunga. Akafunga vizuri, mafundo mawili kila uzi. Kule kiwandani mfuko wa kamba ukifungwa fundo moja msimamizi alikuwa anakurudishia mbele ya watu, na mkono uliofundishwa kwa aibu hausahau. Mpaka jua linaegemea mierezi alikuwa ametapakaza wekundu matuta yote manne, mgongo umekufa ganzi, vidole vyeusi kwa utomvu. Moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alijiona kama aliyesaidiana na mama yake kazi moja, mmoja akiwa hai na mwingine kaburini.

Jumatano alfajiri mzee akaanza upya, tuta la kwanza. Mmea wa kwanza, papasa, acha. Wa pili, papasa, acha. Wa tano vidole vyake viligusa sufu.

Alisimama wima. Rhimou aliyekuwa nyuma na kamba begani aliona mabega ya baba yake yakipanda na kushuka. Mzee aliinama tena, akaushika uzi kwa vidole viwili, akauchezea polepole, akavipeleka vidole puani. Alikaa hivyo muda mrefu. Rhimou akangoja bua ling'oke.

Mzee akaliacha. Akapita.

Labda kashtuka tu, Rhimou akajisemea. Dume la pili, vidole vikagusa sufu, vikaichezea, vikaacha. La tatu hivyo hivyo. Akalivuka tuta la kwanza lote bila kung'oa hata bua moja, akapanda la pili. Kila penye uzi mwekundu anasimama, anaugusa kwa upole, anakwenda zake. Mlimani weupe wa asubuhi ulikuwa unapanda. Sharki ilianza kupuliza, kidogo kidogo, na madume mengine vijipira vyake vilikuwa vimeshakuwa vya manjano. Saa moja zaidi na yangefunguka. Rhimou alitaka kupiga kelele. Akiyang'oa mwenyewe mbele yake, siri imekwisha. Akinyamaza, nyumba tisa zimekwisha. Alijipa ujasiri, akafungua mdomo, "Baba," na mzee ndipo akageuka.

"Rhimou."

"Naam, baba."

"Mama yako alikuwa mchoyo wa mbegu. Kila mwaka dume moja, basi. Wewe mwenzangu unataka haya yote yawe mababa?"

Kamba ilimteleza Rhimou begani.

"Fundo moja, ng'oa," mzee akasema. "Mafundo mawili, usiguse, hilo ni la mbegu, litachimbuliwa na udongo wake lipelekwe nyuma ya nyumba. Sasa mimi natoka kule mwanzo mpaka hapa, mafundo mawili, mafundo mawili, mafundo mawili. Nikasema, huyu mtoto ana hesabu gani?"

Kicheko kilimtoka Rhimou bila ruhusa, na machozi nayo yakatoka, akajifuta kwa mkono wenye utomvu, akazidi kulia kwa kuwashwa. "Sikujua, baba. Kiwandani tulikuwa tunafunga mawili."

"Nani alikwambia habari ya sufu?"

"Hakuna. Nilikuona ukipapasa."

"Na majike niliyoyang'oa Jumatatu?"

"Yalikuwa machache."

"Mwongo wewe," mzee akasema kwa upole. "Nilisikia harufu yake mkononi siku nzima. Haya, tusisimame, jua nalisikia shingoni. Sasa hivi yote ya mafundo mawili ni ya kung'oa. Nenda mbele, nionyeshe. Mikono iende na mdomo uende."

Wakarudi tuta la kwanza, wakafanya kazi kama watu wanaozima moto, Rhimou akimshika mzee kiwiko na kumpeleka kwenye bua, mzee aking'oa kwa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono, bila kutikisa hata jani, kwa maana mkono ule haukuwa umesahau kitu. Kila alipong'oa alivuta uzi, akautia mfukoni. Na alisema huku aking'oa.

"Miaka sita sasa. Ilianza ukungu upande mmoja, ukaja na wa pili. Nikamwambia mama yako, nitawaambia watu. Akasema ngoja. Ukiwaambia leo, kesho watakukalisha kivulini wakuletee tini kwenye sahani. Ngoja kidogo. Tukangoja miaka sita."

"Na kwenye mashamba ya watu? Kwa Sfia hakufunga sufu."

"Kwa watu alikuwa anakohoa."

Rhimou akasimama. Bonde zima lilijua Tamou ana kifua. Kila mwezi wa sita wanawake walikuwa wanamletea asali na majani ya zaatari ya kutuliza kifua, wanamwambia mama Rhimou kaa nyumbani, umande unakuua, naye anasema mimi mume wangu simwachi, na anatangulia mbele yake shambani na kamba begani, koho, koho.

"Akifika penye dume," mzee akasema, "koho moja. Tumekula asali ya watu miaka mitano, mwanangu. Usiku tunacheka mpaka tunafunika mto mdomoni."

Rhimou alicheka. Mzee hakucheka. Alishika bua alilopelekewa, akalishika tu.

"Mwaka jana kwa Sfia alikohoa, nikang'oa. Akakohoa tena, nikang'oa. Mara ya tatu akanishika mkono. Akaniambia polepole watu wasisikie. Mfeddal, acha. Hayo si madume. Hicho ni kifua changu."

Chini yao mbwa wa Sfia alikuwa anabweka.

"Alikuwa amekohoa nyumbani pia, siku nyingi," mzee akaendelea. "Nami nilikuwa nasikia. Lakini sikio langu lilishazoea. Kikohozi cha mama yako kwangu kilikuwa na maana moja tu, dume. Mpaka tunampeleka hospitali, daktari ananiuliza, mzee, ameanza lini huyu kukohoa? Nimjibu nini? Nimwambie miaka mitano?"

"Baba, si kosa lako."

"Sijui. Labda. Ng'oa mikono yako hapo, unaninyima bua."

Kumbe Rhimou alikuwa amemkumbatia. Akamwachia, wakaendelea.

Jua lilipogonga tuta la nne walikuwa wamebakiza dume moja, nene, la shina la zambarau, kwenye kona ya ukuta. Vijipira vyake vilikuwa vimefumba bado. "Hili likoje?" mzee akauliza, na Rhimou akamweleza rangi yake, unene wake, jinsi matawi yalivyokaa karibu karibu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Wakalichimbua na bonge la udongo, wakalibeba kwenye kikapu mpaka nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mgongo wa mlima ambako upepo haurudi, kwenye kibustani ambamo Tamou alikuwa akibakiza kila mwaka majike matatu ya mbegu ile ile ya bibi yake, mbegu inayoishi kwa mvua tu na haiombi maji kama hizi za kuja. Mwaka huu Rhimou alikuwa ameipanda na kuyabakiza kwa kufuata mazoea, bila kuuliza ni ya nini. Mzee akachukua uzi mwekundu mfukoni, akaufunga mwenyewe kwenye bua, mafundo mawili, upesi, macho yake yakitazama kwingine.

"Kesho kwa Sfia," Rhimou akasema. "Nitakohoa, baba. Naweza. Watasema nimerithi."

Alidhani anamfurahisha. Mzee alikaa juu ya jiwe, mikono magotini, yenye udongo.

"Usikohoe," akasema. "Nakuomba. Kikohozi ndani ya shamba sitaki kukisikia tena mpaka nife."

"Sasa nifanyeje?"

"Sema tu."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Una mdomo."

Alhamisi alfajiri Sfia alikuwa amewasha tanuri, mkate unanukia mpaka njiani. Laayachi alikuwepo, mtu mrefu mnyonge, na majirani wengine wanne watano waliokuja kumpeleka Mfeddal kwao baadaye. Mzee aliingia getini mkono wake begani kwa Rhimou, na nyumbu alikuwa ameachwa nyumbani.

"Ami Mfeddal, mgongo vipi?" Sfia akauliza.

"Mgongo mzima. Macho ndiyo sina."

"Huna nini?"

"Sioni, Sfia. Mwaka wa sita huu. Aliyekuwa anaona ni Tamou. Ninyi mlikuwa mnamlisha asali, na alikuwa ananionyesha madume yenu." Akageuza uso upande aliosikia Laayachi akikwaruza kiatu. "Na wewe, Laayachi, unisamehe. Yale majike mawili ya mwaka jana niliyang'oa mimi."

Sfia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe mwenyekiti ulibaki wazi bila kutoa kitu. Alimtazama mzee, akamtazama mumewe. Laayachi alikuwa amevua kofia. "Nilikuambia," akamwambia mkewe, taratibu, bila hasira. Sfia akaukamata mkono wa Mfeddal, akaubusu, akautia kwenye paji la uso wake, ndivyo tunavyowasalimia wazazi wetu.

"Sasa madume nani atayajua?" jirani mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Huyu anayajua," mzee akasema, akimpigapiga Rhimou begani. "Mimi nina mkono. Mkono wangu hautikisi. Mkitaka mkono bila jicho, twendeni. Msipotaka, nitakula mkate nirudi."

Hakuna aliyesema hataki. Rhimou akaitia kamba begani, akatangulia. Watu walipanga mstari kando ya ukuta, kama wanaosindikiza jeneza au bibi harusi. Alitembea kati ya mimea, umande ukimlowesha pindo, akisikia nyayo za baba yake nyuma yake. Dume la kwanza lilikuwa safu ya pili. Alisimama. Vumbi la njiani lilikuwa limemkaa kooni tangu getini, linamtekenya, kifua kilikuwa kinataka kukohoa. Akalimeza. Akalimeza tena, machozi yakamlenga, mpaka likashuka.

"Dume, baba," akasema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Mzee akanyoosha mkono. Rhimou akaupokea, akauweka kwenye bua, nao ukazunguka mara moja, mmea ukatoka na mizizi yake bila kutikisika jani.

"Linalofuata," Mfeddal akasema.